Mstari Nilioufuta

…na hiyo tena, inatetemeka, trrr, trrr, juu ya meza ya kukatia, inajisogeza yenyewe kidogo kidogo kuelekea kwenye mkasi, hatua mbili tu kutoka hapa nilipo, lakini leo hatua mbili ni safari, kwa sababu nimesimamishwa juu ya stuli, nimevaa sketi ya shule ya mtoto wa watu, mimi mtu mzima wa miaka thelathini na nne, pini zimenizunguka magotini, na Mama amepiga magoti miguuni pangu, pini nyingine kazibana midomoni, anasema "uhitikihike", maana yake usitikisike, utachomwa, na mimi sitikisiki, Mama, ni roho tu iliyo juu, kwa sababu simu ile inatetemeka kila maoni mapya yanapoingia, na maoni tangu juzi si ya kupongeza, kuna matusi yenye adabu na matusi yasiyo na adabu, na kuna yale mabaya kuliko yote, ya mtu anayeandika "nilidhani hawa ni waaminifu" halafu anaweka kile kiuso chenye chozi moja, chozi moja tu, afadhali angetukana… saa ya ukutani inasema saa nne kasoro dakika kumi na mbili, na ikifika saa nne kamili jibu langu litapanda lenyewe, nimeliandika jana jioni nikiwa nimefura, nikaliwekea muda, kwa sababu yule mtaalamu wa mitandao kwenye video anasema saa nne asubuhi ndipo watu wanapokunywa chai na kushika simu, na anasema pia, huku akizungusha kalamu vidoleni, biashara haiombi msamaha, biashara inatoa ufafanuzi, basi nimetoa ufafanuzi, nimeutoa kweli kweli, nilitaka tu kuupitia mara ya mwisho kabla haujapanda, neno moja pale katikati linanikera, na hapo ndipo Mama aliponiita, njoo upande hapa mara moja, una urefu wa huyu binti, mara moja, kama vile mara moja ya Mama imewahi kuwa moja.

"Mkono ushushe," anasema Mama, au nadhani ndivyo anavyosema, nashusha mkono, na kumbe nilikuwa nimeunyoosha kuelekea mezani bila kujua, kama mlevi wa simu, ndiyo, nimekuwa hivyo, nalala nayo, naamka nayo, nimeacha kazi ya kupanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji, kazi yenye kiti chake na mshahara wake, nikaja hapa kumwokoa Mama, hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu, nakwenda kumwokoa Mama, kwa sababu lile duka kubwa la nguo za tayari lilifunguliwa pale kwenye makutano ya barabara na wateja wakaanza kupungua, nikasema kinachokosekana ni sauti tu, ulimwengu haumjui huyu mama, nikafungua blogu, nikaipa jina Upindo wa Mama, nikafungua na kurasa mbili tatu za kuisindikiza, nikaanza kuandika kwa sauti yake, "Mimi Mama Upindo nawasalimu", yeye mwenyewe hajawahi kuandika hata mstari mmoja humo, wala kusoma, anasema macho yake yameumbiwa tundu la sindano, hayakuumbiwa kioo cha simu, nikaandika namna ya kufua kola isichakae, namna ya kushona kifungo kisidondoke, hiki cha kifungo nilikiandika siku nne, picha kumi na sita, nimepiga uzi ukiingia na uzi ukitoka, wakapenda watu kumi na mmoja, na kati ya hao mmoja ni mimi, mwingine ni binamu yangu, na wa tatu anauza dawa ya kupunguza kitambi, halafu siku moja paka wa jirani akalala juu ya nguo zilizopigwa pasi, nikampiga picha ili nimshtaki kwa mwenyewe, nikaiweka kwa hasira, wakapenda watu elfu mbili, elfu mbili kwa paka mvivu, na mimi na kifungo changu tunaambulia kumi na mmoja… ndipo nilipojua kwamba hapa hapana haki, hapa kuna bahati na ujanja tu, na bahati sina, nimejaribu kuitafuta kwa kuandika asubuhi, kuandika jioni, kuweka zile hashtegi, alama za reli, mbele ya maneno, reli saba, reli ishirini, hadi maandishi yangu yakafanana na kituo cha treni, hakuna kitu.

"…mke wa kinyozi…" anasema Mama huko chini, kuna kitu anakisimulia, amekianza tangu nilipopanda kwenye stuli, anasimulia kwa pini midomoni, neno moja linatoka, mawili yanabaki mdomoni, mke wa kinyozi amefanya nini sijui, labda kajifungua, labda kaja kukopa pasi, naitikia "mm", Mama anatosheka na "mm", miaka yote amezoea kuzungumza na watu wasiomsikia, cherehani ikinguruma, na mimi macho yako kwenye simu, trrr, yule atakuwa Mama Pacha tena, hilo ndilo jina alilojipa mtandaoni, Mama Pacha, yeye ndiye aliyeanza moto huu, na sketi hii niliyoivaa ni ya binti yake, ndiyo, ya huyo huyo, imerudi jana ndani ya mfuko wa plastiki, nilipoiona nilitaka kuirudisha ilikotoka, Mama akaipokea kama anapokea mgeni, akaikung'uta, akaitundika.

Na kosa ni nini, hebu nijiulize tena kama mtu mwenye akili, kosa ni upindo, upindo ambao umempa Mama jina, kwa sababu mtaa mzima unajua kwamba nguo ya shule ukiishonesha kwa Mama ina upindo mpana ndani yake, vidole vinne kwa uchache, mtoto akirefuka mnairudisha, anaushusha, hadaiwi mtu kitu, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka mtoto amalize shule au upindo uishe, na Mama hakati nguo ya mtoto kabla hajauliza habari za baba, baba yake anavaa kiatu namba ngapi, hivyo ndivyo anavyouliza, wageni wanashtuka, mama mmoja alikasirika akadhani anachunguzwa, kumbe Mama anapiga hesabu ya miguu, baba mwenye kiatu kikubwa mtoto wake anaongezewa kidole, na mimi ambaye marehemu baba yangu aliinama kwenye kila mlango wa nyumba hii niliachiwa upindo wa vidole vinane, sketi yangu ya kwanza ilikuwa nzito chini kama imefungiwa mawe, nilikuwa nikikimbia inanipiga magoti… na upindo ukishushwa unaacha mstari, hilo nalo mtaa mzima unalijua, pale palipokunjwa mwaka mzima pana alama, juu yake kitambaa kimepauka kwa jua na sabuni, chini yake rangi bado mbichi, hakuna pasi inayoutoa mstari ule, hakuna siki, hakuna sabuni, nimeona Mama akijaribu vyote, na watu wa hapa wala hawauoni, au wanauona kama unavyoona pua ya jirani yako, ni pua, ipo.

Lakini mtandao si mtaa, nikaandika "Tunashusha upindo bure mpaka mtoto amalize shule", nikapiga picha mbili, kabla na baada, sketi ya buluu, na ile picha ya baada ilikuwa nzuri jamani, mwanga wa dirishani, Mama kaipiga pasi hadi inakata, ila ule mstari, ule mstari unapita katikati kama mtu kachora kwa rula, nikauangalia, nikafungua ile programu ya kurekebisha picha, nikapitisha kidole, mara moja tu, ukatoweka, sketi ikawa mpya kama imetoka kiwandani leo, nikaiweka, nikaenda kuoga, nilipotoka bafuni watu mia tisa, kufika jioni elfu arobaini wameiona, elfu arobaini, nilicheza peke yangu chumbani nikiwa na taulo kichwani, nikasema kidole kimoja, kidole kimoja tu kimefanya ambacho picha kumi na sita za kifungo zimeshindwa, na wakaanza kuja, wenye sketi zilizoshonwa na Mama miaka ya nyuma wakazitoa makabatini, wakaja na wapya wakaagiza, Mama akashusha upindo kama kawaida yake, wakazichukua, wakafika nyumbani, wakaona mstari, wakarudi kwenye picha wakaikuza, mstari haupo, wakatazama ya kwao, mstari upo, na Mama Pacha akaweka picha mbili sambamba akaandika neno moja, "Waongo."

Waongo, wingi, angalau angeandika "mwongo", ningejua ananisema mimi, lakini kuna jina juu ya ukurasa ule, na jina ni la Mama, na sauti ni ya Mama, "Mimi Mama Upindo", kwa hiyo aliyeitwa mwongo mbele ya watu elfu arobaini ni huyu aliyepiga magoti hapa, ambaye siku moja alimfuata mteja hadi kituo cha mabasi na kitambaa kilichobaki, kipande cha ukubwa wa leso, akampa, chako hiki, kilibaki… na mimi nimefanya nini, nimeyafuta maoni, nikafuta thelathini yakaja sitini, ukifuta wanapiga picha ya ulichofuta wanaiweka tena, nimejipalia makaa, nikamfungia Mama Pacha asiandike, akaandika kwa simu ya dada yake, ndipo jana jioni nikakaa nikaandika ule ufafanuzi, naukumbuka wote, hauhitaji kusomwa, "Mimi Mama Upindo nawajulisha kwamba alama zinazoonekana kwenye baadhi ya sketi zinatokana na kitambaa hafifu na ufuaji usiofaa nyumbani. Ushonaji wetu hauhusiki", na neno linalonikera ni "hafifu", nilikuwa nafikiria kuweka "duni", tazama, ndicho nilichokuwa nakifikiria asubuhi hii nzima, hafifu au duni.

"…kubwa, akaikuza kwa vidole viwili…" Mama bado yuko na mke wa kinyozi, "mm," namwambia, saa nne kasoro dakika tisa, kule kwenye kiti cha mlangoni kuna rundo la sketi, lilikuwa dogo jana, leo limefika kwenye mkono wa kiti, zimerudishwa, zote zimerudishwa, nilipofungua mlango asubuhi wanawake wanne walikuwa wanasubiri na mifuko, nikajificha nyuma ya pazia la kupimia nguo, ndiyo, nilijificha, nikamsikia Mama akiwasalimia, akicheka nao, sijui anachekea nini, nikasema maskini hajui, hajui kwamba hawa wamekuja kumrudishia aibu yake mikononi, na nikamkasirikia, Mungu anisamehe, nikamkasirikia yeye, kwa nini hakatai, kwa nini hasemi kazi yangu nimemaliza, kwa nini upindo, dunia nzima inashona nguo bila upindo, ikibana unanunua nyingine, hakuna mstari, hakuna maneno, ni yeye na vidole vyake vinne ndio wametufikisha hapa… na kioo hiki nacho, nani aliweka kioo mbele ya stuli, najiona mzima mzima, mwanamke mwenye mvi mbili na sketi ya buluu ya shule, na mstari pale juu kidogo ya goti, na mwingine chini yake, mistari miwili, binti huyu amerefuka mara mbili, miguu yake lazima ni kama yangu, na ghafla nina miaka kumi na mitatu, nimesimama kwenye mstari wa asubuhi shuleni na nyuma yangu wanahesabu, moja, mbili, tatu, nne, wanahesabu kwa sauti ya chini mistari ya sketi yangu, kisha mmoja anasema, daftari hili lina kurasa ngapi, wanakufa kwa kicheko, na toka siku hiyo sikuwa na jina jingine, Daftari njoo, Daftari umefanya hesabu, hata mwalimu wa michezo akaniita hivyo bila kujua maana, mpaka leo nikikutana na mmoja wao sokoni anapanua mikono, Daftari! na mimi nacheka, nacheka sana, nikifika nyumbani nanuna hadi jioni, na sikumwambia Mama kamwe, ningemwambia nini, kwamba kazi yako inanifanya nichekwe mbele ya watu, bora nife nalo.

"Huyu binti wanamwita Ngazi," anasema Mama.

Ametoa pini mdomoni, zote, kazichomeka kwenye kile kimto cha mkononi, kwa hiyo maneno yanatoka safi, na kidole chake kiko kwenye mstari wa juu, anaupapasa kama anasoma, "Mama yake kanieleza, hataki kwenda shule, siku ya tatu leo, yuko ndani kajifunika shuka, kwa sababu ya mistari hii wanamwita Ngazi," na anainua kichwa ananiangalia, si kwa kuuliza, anasema kama anayeniomba nimpe chaki, "Wewe si walikuwa wanakuita Daftari?"

…Mama… nani… trrr, simu, nyamaza… alijua, alijua tangu lini, nani alimwambia, na kabla sijauliza yeye ameshainama tena, anabana kitambaa kwa vidole viwili pale pale kwenye mstari, anakiinua, anakikunja, mkunjo mwembamba kama kijiti cha kiberiti, anaulaza chini, anachoma pini, na mstari haupo, umelala ndani ya mkunjo, nauona kwenye kioo, palipokuwa na mstari pana kijimkunjo safi kinachozunguka sketi nzima kama pambo, anateremka kwenye mstari wa pili, anabana, anakunja, anachoma… na mimi naijua mikunjo hii, niliivaa, mwaka wangu wa mwisho niliamka siku ya kufungua shule nikakuta sketi yangu imetundikwa mlangoni na mikunjo minne, nikamlilia Mama, nani kakwambia uniwekee vitu hivi, sare haina mikunjo, watanicheka, nilimpandishia sauti, nakumbuka alikuwa anakunywa chai, aliweka kikombe chini akasema, "Nilikosea kukata, mwanangu, nikafunika kosa langu, nisamehe," na mimi nikaenda shule nimenuna, na hawakucheka, walinizunguka wakauliza nani kakushonea, wiki ile wasichana watatu wakaja hapa kutaka mikunjo kama ya kwangu, na jina Daftari likabaki bila daftari, na sikuwahi, hata siku moja, hata nilipokuwa mkubwa, sikuwahi kuhesabu, mistari minne na mikunjo minne… hakukosea kukata, Mama hajawahi kukosea kukata, alisema kakosea ili nisijue kwamba anajua.

Na mke wa kinyozi… ngoja, mke wa kinyozi, akaikuza kwa vidole viwili, aliikuza nini, Mama amekuwa akisema kitu toka mwanzo na mimi naitikia "mm" kama ng'ombe, "Mama," nasema, "mke wa kinyozi alikuonyesha nini?" na Mama anacheka puani, "Si nakwambia tangu saa ile, picha yako ile, ya sketi, juzi kaniletea simu hapa, kaikuza, anasema tazama wanavyokusema, nikaitazama ile sketi, nikasema, huyu fundi ni hodari, huyu kanishinda, miaka yote nashona sijaweza kuufuta mstari, yeye kaufuta hata pasi hajawasha," na anacheka tena, mabega yanamtikisika, na pini moja inanigusa goti, na mimi sichezi, natazama lile rundo kwenye kiti cha mlangoni, tangu juzi, anajua tangu juzi, na wale wanawake wanne asubuhi, na kicheko kile, "Ukawaambia nini?" namuuliza, "Kina nani?" "Waliokuja na mifuko." "Aa, hao, niliwapelekea neno kwa mke wa kinyozi, macho yangu siku hizi yamechoka, nilishusha upindo nikasahau kufunika, wazilete zote, nitaweka mkunjo, na huyu Mama Pacha nikamtumia salamu aniletee ya Ngazi kwanza, ili niwe na ya kuwaonyesha wengine," na anachoma pini nyingine kwa mkono usiokosea hata upana wa uzi, macho yamechoka, macho yale.

Basi sketi hazikurudishwa kwa aibu, zimeitwa, ameziita mwenyewe, moja moja, amelibeba kosa langu mgongoni akalipeleka mlango kwa mlango kwa mdomo wa mke wa kinyozi, nilikosea, nisamehe, vile vile, maneno yale yale ya kikombe cha chai, na mimi nimeandika kitambaa hafifu, nimeandika ufuaji usiofaa nyumbani, kwa jina lake, kwa sauti yake, na saa nne kasoro dakika saba maneno hayo bado yamekaa ndani ya simu ile yanasubiri zamu yao, yakipanda, wanawake walewale alioongea nao asubuhi watakaa na chai zao wasome kwamba Mama Upindo kawageuka, kacheka nao mlangoni kisha kawaita wachafu mtandaoni, na yule binti ndani ya shuka atasoma, watoto ndio wanaosoma kwanza, atasoma kwamba mistari ni kosa la mama yake asiyejua kufua… njia ya mwongo ni fupi, nilikuwa naiandika kwenye insha shuleni bila hata kufikiri, ni fupi kweli, ni hatua mbili kutoka kwenye stuli, na siwezi kuzipiga, nikiruka nitapasua mkunjo, sketi hii ni ya mtu, ni ya Ngazi, lazima kesho aivae.

"Mama, ni mimi niliyeufuta ule mstari."

"Najua. Geuka."

Nageuka, kidogo kidogo kama alivyonifundisha nikiwa na miaka tisa, kisigino kwanza, mikono ubavuni, sasa kioo kiko nyuma yangu na simu iko mbele, nauona uso wake umewaka, maoni mapya, sina haja ya kuyasoma, sitaki kulia juu ya kitambaa cha watu, "Mama, nipe simu, kuna kitu kitapanda saa nne, kibaya, nataka kukitoa," na yeye ana pini midomoni tena, anainua vidole vinne, vile vile vinne vya upindo, "hini hinne," anasema, pini nne, kisha utashuka, na najua simu hii hataigusa akiwa katikati ya mkunjo, hajawahi kukiachia kitambaa katikati ya mkunjo hata siku tulipopata habari za Baba, alimaliza, akakata uzi, ndipo akakaa chini… dakika sita, pini nne, zinatosha, lazima zitoshe, na nikishuka sitaifuta tu ile rasimu, nitapiga picha sketi hii hapa dirishani, mistari kwanza jinsi ilivyo, hakitapita kidole, halafu mikunjo, halafu lile rundo lote, na sitaandika "Mimi Mama Upindo", nimeazima sauti yake miaka miwili na tazama nilichoitumia, nitaandika kwa yangu, sijui hata inasikikaje, haina reli wala kiuso chenye chozi, wataipenda watu kumi na mmoja, na wawe kumi na mmoja, mradi mmoja wao awe ndani ya shuka, itaanza hivi, naisikia tayari, shuleni waliniita Daftari, na mstari mnaousema kwenye ile picha niliufuta mimi, mama yangu hakujua, hapana, futa hilo, mama yangu alijua…

"Hini hatu," anasema Mama, na simu inatetemeka, inasogea karibu zaidi na mkasi.